Mchi wa Baba Kwenye Meza ya Biliadi

Satellite, Riruta,
Nairobi.
Jumapili, alasiri.

Mama yangu mpendwa,

Naanza kwa kuuliza habari za goti lako. Wifi Peninah anasema ile dawa ya kuchua aliyokutumia inataka kupashwa moto kidogo kabla ya kupakwa, tena ukishaipaka usiende mtoni siku hiyo. Je, mvua imewafikia? Na yule ndama mwenye doa usoni amepona tumbo? Sisi huku tu wazima. Baridi ya mwezi huu inaingia mifupani, na asubuhi ukungu unajaa hapa Satellite mpaka sioni lango la jirani, lakini hakuna anayekohoa. Mjukuu wako Kefa amejifunza kusimama kwa kushika kiti. Akishasimama hajui jinsi ya kuketi tena, basi analia pale pale mpaka mtu aje amsaidie. Naona nyumba yetu nzima iko kama yeye siku hizi.

Ezra, ndugu yangu, msomee Mama polepole, wala usiruke mistari kwa sababu barua ni ndefu. Ukifika pahali pa kuchekesha usicheke kwanza peke yako.

Mama, Kaka Zablon ameniagiza nikuandikie jambo moja tu. Alisema hivi: "Andika kwamba nakuja. Mama amwambie Baba Mdogo Hezron kwamba mwisho wa mwezi nitakuwa hapo kituo cha kahawa, nishike ile kazi ya mizani. Usiandike mengine." Hayo ni maneno yake na nimeyaweka kama alivyoyasema. Lakini wewe pia uliniagiza, siku uliyonisindikiza barabarani nikirudi shule. Uliniambia nikuandikie kweli juu ya mwanao, kwa sababu umesikia watu wakisema hana kazi mjini, anacheza mpira wa mezani na walevi. Maagizo haya mawili hayaenei kwenye barua moja fupi. Nimeianza tangu Alhamisi, nikaichana, nikaianza tena. Hata hesabu zangu za shule zimelala. Leo nimeona nikuandikie yote, kisha wewe ndiwe utakayeamua.

Kwanza, Kaka hachezi. Anatengeneza fimbo za wanaocheza. Mchezo wenyewe unaitwa biliadi. Kuna meza kubwa kuliko kitanda, imefunikwa kitambaa cha kijani, ina mashimo kwenye pembe na ubavuni. Mchezaji anainama, anaupiga mpira mweupe kwa ncha ya fimbo ndefu, na huo mweupe unakwenda kuisukuma mipira mingine iingie mashimoni. Nchani pa fimbo kunabandikwa kipande kidogo cha ngozi, kama kifungo cha shati, ili mpira usiteleze. Fimbo ikipinda hata kidogo, mpira unakwenda kusikotakiwa. Kwa hiyo wachezaji wakubwa hawaazimani fimbo. Wanazibeba kwenye mifuko ya kitambaa kama watu wanaobeba mtoto mgonjwa.

Unakumbuka Kaka alipofika mjini alipata kazi kwenye klabu moja ya wazungu kule Karen. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama ukutani jioni nzima akihesabu pointi na kuwapa wenyewe fimbo zao. Hakuruhusiwa kucheza, basi alizitazama fimbo. Baadaye alichukuliwa na Mzee Mohinder, fundi Singasinga wa Ngara aliyekuwa akizitengeneza na kuzirekebisha fimbo za vilabu vingi. Wakati ule Wahindi wengi walipofunga maduka yao wakaenda Uingereza, Mzee Mohinder naye alikwenda. Alimwachia Kaka randa zake, vibano vyake, na miti michache ya Ulaya aliyokuwa ameikausha miaka mingi.

Kibanda cha kazi kiko hapa nyuma ya nyumba, kando ya kamba ya nguo. Miti ya fimbo haiegemezwi ukutani, maana ukiiegemeza inapinda. Inaning'inizwa darini kwa kamba, na kila mmoja unafungwa jiwe chini, uvutwe moja kwa moja mpaka ukauke. Mimi husomea humo kwa sababu ndimo mwenye utulivu, na nikiinuka mawe yananigonga kichwani. Kaka anaparaza kidogo kwa randa, anaipiga msasa, anaiweka fimbo juu ya kioo cha dirisha la zamani na kuiviringisha, huku ameinama kuona kama mwanga unapita chini yake. Ukipita, anaparaza tena. Kazi hii ya fimbo moja inaweza kumchukua majuma. Nilikuwa nikidhani hakuna mtu mwenye subira kama yeye.

Kisha miti ya Mzee Mohinder ikaisha, na subira yake ikaisha nayo. Mti ule wa Ulaya haupatikani tena hapa. Alijaribu mkaratusi, ukapinda hata kabla ya kubandikwa ngozi. Alijaribu mwerezi, ukanukia vizuri sana na ukavunjika. Akawa mtu asiyeweza kukaa. Anakula amesimama. Akitembea barabarani anazitazama nguzo za ua wa watu, anazigonga kwa kidole na kusikiliza. Jumapili moja kanisani, wakati wa maombi, nilifumbua jicho nikamwona anapapasa benchi la mbele yake. Wifi alimkanyaga mguu.

Kwa wakati huo huo mambo mawili yalikuja pamoja. La kwanza ni habari ya Baba Mdogo kwamba kazi ya karani wa mizani ipo, na kwamba kamati inamngojea Kaka mpaka mwisho wa mwezi, zaidi ya hapo wampe mtu mwingine. La pili ni shindano. Katibu wa ile klabu ya Karen, mzungu mmoja mzee anayemjua Kaka tangu zamani, alikuwa amemwambia kwamba fimbo zao zimechakaa na wanataka mtu wa kuzitunza na kutengeneza mpya. Ingekuwa kazi ya mwaka mzima, labda na zaidi. Lakini wanachama hawakuamini kwamba fimbo ya mti wa Kenya inaweza kufaa. Basi katibu alisema atakuja kutazama shindano la mjini. Kama fimbo ya Zablon itasimama mbele ya wachezaji wa kweli, atawaambia wenzake. Kama haitasimama, wataagiza ng'ambo.

Kwa hiyo Kaka alikuwa na mchezaji na hakuwa na mti. Mchezaji ni rafiki yake, Bwana Mutua. Ni Mkamba, karani katika wizara moja, mwembamba, anavaa koti hata wakati wa jua, na chaki yake anaiweka kwenye kopo la tumbaku. Wengi wanasema hakuna Mwafrika anayemshinda kwenye biliadi hapa mjini. Akija kwetu haingii ndani, anasimama mlangoni mwa kibanda na kumchokoza Kaka.

"Wewe Mluhya, umenitengenezea fimbo au bado unawachungia watu ng'ombe?"

"Ngoja, Mkamba. Mti haukimbizwi."

"Mti haukimbii, lakini shindano linakuja."

Sasa nafika kwenye jambo ambalo Wifi aliniambia nisikuandikie, kisha jana akaniambia niandike. Unaujua mchi uliompa siku ya harusi, ule uliokuwa wa Bibi. Ulipompa uliwaambia watu wote kwamba Baba aliukata katika msitu wa Kaimosi, akaufanya wa Bibi, na kutoka mti ule ule akafanya wa pili, wako, ili mkwe na mama mkwe watwange pamoja. Wifi ameutunza. Hakuwahi kumwazima jirani. Ulikuwa unasimama nyuma ya mlango wa jikoni, mweusi kwa mikono, na mrefu kunifika kidevuni.

Siku moja nilirudi kutoka shule nikamkuta Kaka jikoni, ameketi chini mbele ya mchi, anautazama tu. Aliugonga. Aliniuliza, "Jerida, unasikia?" Nilisikia. Ulilia kama kengele ndogo. Sikusema kitu, kwa sababu sikujua anafikiria nini, au labda nilijua. Mimi si mtu wa kusema haraka.

Jumamosi iliyofuata Wifi alikwenda kwenye kikao cha akina mama kanisani. Aliporudi alikuwa amebeba karanga, maana wageni walikuwa waje jioni, na alitaka kuzitwanga za kutia kwenye mboga. Alitazama nyuma ya mlango. Akatazama uani. Kisha akaenda kibandani, nami nikamfuata na Kefa mgongoni.

"Mchi wangu uko wapi?"

"Uko hapa," Kaka akasema.

"Hapa wapi?"

Kaka akainua fimbo. Alikuwa ameshauparaza karibu wote. Rangi nyeusi ilikuwa imetoka, na ndani mti ulikuwa mwekundu wa hudhurungi, na mistari yake imenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho kama uzi uliovutwa. Ulikuwa mzuri sana, Mama, nisiseme uongo. Chini sakafuni yalikuwa maganda yake, Kefa akaanza kuyataka.

Wifi aliitazama fimbo. Akauliza, "Na hii itatwanga nini? Pilipili moja moja?"

Kaka alijaribu kueleza habari ya katibu na mti wa Ulaya. Wifi hakugomba. Alikwenda kwa jirani yetu, Mama Njeri, akaomba mchi, na aliporudi nao alipita mbele ya kibanda polepole ili Kaka auone. Unajua inavyokuwa kwa mke aliyepewa mchi na mama mkwe kwenda kuomba mchi kwa jirani. Hawakuongea mpaka Jumatatu. Hata nikimaliza kusoma nililala nikiisikia nyumba iko macho.

Kaka alikata kipande kifupi cha pembe ya ng'ombe akakifanya pete ya nchani. Kwa kuwa upande mmoja wa mchi ulikuwa mwembamba kidogo kuliko mwingine, huo ndio aliofanya ncha, apunguze kuparaza. Upande mnene ukawa wa kushikia. Alibandika ngozi kwa gundi ya Mzee Mohinder, akaifunga kwa uzi, akaiacha ikauke. Bwana Mutua alipokuja kuijaribu alikuwa tayari na mzaha wake mdomoni, lakini alipoinama na kuipitisha kwenye vidole vyake alitoa kopo lake la chaki. Waliondoka wote wawili kwenda ukumbini. Kaka aliporudi alisema Mutua alicheza mpaka akasahau basi la mwisho, na neno alilosema lilikuwa, "Hii fimbo inanisikia." Usiku huo Kaka alikula ameketi.

Shindano lilifanyika Jumamosi mchana katikati ya mji, ghorofani, juu ya duka la viatu. Kwa kawaida wanawake hawaendi mahali kama hapo, lakini kwa kuwa ilikuwa siku ya wageni, na katibu atakuja, Kaka alituomba tuende. Wifi alivaa gauni lake la buluu. Nadhani alitaka kuona mchi wake umekuwa nini. Mimi nilivaa sare ya shule kwa sababu nguo yangu nyingine imenibana, nikajificha nyuma ya bega lake. Ukumbi ulijaa moshi wa sigara na watu wa kila kabila. Niliogopa macho ya watu mpaka mchezo ulipoanza, kisha hakuna aliyenitazama.

Bwana Mutua alikuwa akicheza na Mgoa mmoja anayeitwa Fernandes, mtu mpole mwenye miwani, karani wa benki. Mama, sikujua kwamba mchezo wa watu kukaa kimya unaweza kumchosha mtu hivyo. Mutua aliinama, akapiga, mpira ukaingia. Akapaka chaki, akazunguka meza, akapiga, ukaingia. Mlio wa fimbo ile haukuwa kama wa nyingine. Nyingine zinasema tak. Ile ilisema tok, taratibu, ndani. Niliujua mlio ule na sikukumbuka nimeujulia wapi. Baadaye nikakumbuka. Ni mlio wa asubuhi nyumbani, wewe na Bibi mkitwanga, yeye akiinua na wewe ukishusha, nami niko bado chini ya blanketi.

Mutua alikuwa mbele. Katibu, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha mbele, alimpungia Kaka kidole aje karibu, akamwuliza kitu, na Kaka akajibu huku amekunja mikono nyuma kama zamani alipokuwa akisimama ukutani. Watu walianza kunong'ona kwamba fimbo ni ya mti wa hapa. Ilibaki mipira michache. Mutua aliinama kupiga mpira ambao hata mimi niliuona ni rahisi. Alipiga, na sauti ikawa nyingine. Mpira mweupe ukayumba, ukasimama. Na kipande cha ngozi kilikuwa kimetoka nchani, kimeangukia kitambaa cha kijani, kinaviringika kama kifungo kilichokatika uzi.

Mutua aliitazama ncha. Akamkabidhi Kaka fimbo. Kaka alipapasa pale palipokuwa na gundi, akainusa. Nilimwona akiinusa mara ya pili. Wifi alikuwa ameshasogea mbele, sijui aliwapitaje watu wale. Aliinusa naye. Akasema, si kwa sauti kubwa, lakini ukumbi ulikuwa kimya:

"Zablon, umeugeuza. Hapa ndipo ninapotwangia. Huu upande umekunywa karanga tangu enzi za Bibi. Gundi itashika nini?"

Basi ule wembamba alioufurahia Kaka ulikuwa ni mti kuliwa na kinu, na mafuta yalikuwa yameingia ndani kwa miaka yote hiyo. Kwa macho usingeyaona. Mtu mmoja nyuma akauliza kwa Kiswahili cha mjini, "Ati hiyo ni mchi?" Ukumbi ukacheka. Mwingine akasema waletewe na chumvi. Mwingine akamwambia Mutua apige mpira pole pole asije akaumwaga mchuzi. Hata mwamuzi alijifuta macho. Kaka alisimama pale pale, na masikio yake yakawa kama ya Baba alipokasirika, lakini hakukasirika. Alikuwa anatazama meza.

Mutua alipewa fimbo ya ukutani ya ukumbi. Ilikuwa imepinda, kila mtu aliiona. Alijitahidi, akakosa, na Bwana Fernandes akamaliza mipira. Fernandes alimpa Mutua mkono, kisha akampa Kaka mkono, jambo ambalo hakuwa na haja nalo. Nilipotafuta kiti cha mbele, katibu alikuwa ameshaondoka.

Tulirudi nyumbani. Wifi alikuwa ameiokota ile ngozi akaifunga kwenye leso. Kaka aliingia kibandani, akaipandisha fimbo darini, akatia randa za Mzee Mohinder kwenye gunia na kulifunga kamba. Tangu siku hiyo sijamwona akigonga mti wala nguzo. Hiyo ndiyo siku aliyoniagiza nikuandikie kwamba anakuja. Na ndiyo sababu nilichana karatasi, Mama, kwa sababu nilijua kwamba ukisoma "nakuja" utafurahi, ukaenda kwa Baba Mdogo siku hiyo hiyo, goti au si goti.

Lakini Alhamisi Bwana Mutua alikuja, na safari hii aliingia ndani. Alikataa chai kwanza, kisha akainywa. Kaka alianza kumwomba radhi, yeye akamkata.

"Sikuja kuombwa radhi. Nimekuja kwa fimbo."

"Unaitaka ya nini? Watu wanakuita Karanga."

"Waniite. Yule mzee wa Karen alinipigia simu kazini. Ameuliza ule mti ni mti gani. Nimemwambia sijui, mwulize Mluhya. Akasema kama kuna mwingine kama ule, uliokauka hivyo, na ngozi yake haitoki, yeye ataileta fimbo mbele ya wanachama wake mwenyewe. Mwisho wa mwezi wanakutana." Alimgeukia Kaka. "Kuna mwingine?"

Ile yetu haiwezi kugeuzwa, maana upande mmoja umekwisha kuwa mwembamba kama kidole, na ukiukata inakuwa fupi. Mti mbichi ukikatwa leo utataka miaka darini. Kaka anayajua hayo kuliko sisi sote. Alitazama ukuta, akasema, "Hakuna."

"Baba yako alikata mti mzima wa msituni akatoa mchi mmoja tu?"

"Mmoja."

Mama, mimi nilikuwa pale mezani na kitabu changu cha fizikia kimefunguliwa. Najua ilikuwa miwili. Wifi anajua. Tulitazamana, na sikusema. Siku zote nikitaka kusema mbele ya watu maneno yananiganda. Mutua akaaga akaenda. Alipofika mbali nilimwuliza Kaka kwa nini amesema mmoja. Alinijibu kwa sauti ya chini, "Ule ni wa Mama. Ule hauombwi." Akaenda kulala jua halijatua.

Basi mimi ndimi ninayeuomba. Kaka hajui. Wifi anajua, na ndiye aliyenitafutia stempu. Najua ninachokiomba, Mama. Baba ameacha vitu vichache, na huo ndio unaoushika kila siku. Najua pia kwamba hupendi mchezo huu, na sikuandika barua hii ili uupende. Wala sitaki uamue kwa ajili yangu. Kweli ni kwamba Kaka akirudi nyumbani, Wifi na Kefa watarudi naye, na mimi sitakuwa na pa kukaa, itabidi niache shule hii. Nimeliandika hilo kwa sababu uliniambia niandike kweli, lakini liweke kando. Mimi nitasoma popote palipo na kitabu. Mtazame yeye tu. Kazi ya mizani ni kazi nzuri na ya heshima, na ataifanya vizuri, kwa kuwa ni mtu wa haki. Lakini nimeishi naye, na nimemwona akitazama mwanga ukipita chini ya fimbo. Kwenye mizani atakuwa akizigonga nguzo za kituo.

Sasa utakavyofanya ni hivi. Kondakta wa basi la kwetu, yule mtoto wa Mwalimu Enos, anapita hapo sokoni Jumatano na kufika Nairobi Alhamisi asubuhi. Nitakwenda stendi kabla ya shule. Ukiamua kuutuma, aufunge juu pamoja na mizigo, lakini ulale, usiegemezwe. Wifi amenunua sokoni Kawangware mchi mpya, mwepesi lakini imara, ameushika kila jioni kuulainisha, na atakutumia kwa basi hilo hilo likirudi. Usipoutuma, nitaiona mikono ya kondakta iko mitupu, na nitaelewa. Siku hiyo nitamwambia Kaka kwamba barua yake ilikufikia kama alivyoiagiza, na tutaanza kufunga mizigo. Hakuna atakayenung'unika. Nakuahidi kwa niaba ya Wifi pia.

Nisalimie Baba Mdogo Hezron, na tafadhali asiambiwe chochote kabla ya Alhamisi. Nisalimie shangazi wa kule juu kilimani, aliyeuza kuku wake nikapata nauli, na mama mkubwa anayeimba sauti ya pili kanisani. Mwalimu wangu wa zamani wa Kiswahili umwambie bado naandika kwa mistari iliyonyooka. Ezra, wewe chunga ndama, na usimwambie mtu njiani uliyoyasoma. Mama, mjukuu wako Kefa anakusalimu kwa kupiga sufuria.

Nawaweka nyote mikononi mwa Mungu, na mimi mwenyewe nabaki hapa nikihesabu asubuhi mpaka Alhamisi.

Ni mimi binti yako,
Jerida

Nimeshafunga barua nikaifungua tena. Mama, kama utautuma, kabla hujampa kondakta funga uzi kwenye upande unaotwangia. Uzi wowote. Huku hakuna anayeujua, ni wewe tu.